Chausiku binti Swedi na Muhogo wa Shamba la Émérance

Marehemu Chausiku binti Swedi alikuwa na kanuni moja jikoni mwake: chakula ambacho hajui kimetoka kwa nani, au mwenyewe hajakiruhusu, hakiingii chunguni. Aliuliza shamba ni la nani, wavu ni wa nani, mbuzi alikuwa na mimba au hakuwa nayo. Aliishika kanuni hiyo miaka yote ya upishi wake, akaivunja siku moja. Aliagiza mwenyewe kwamba siku ya kumzika jambo hilo lisifichwe, na kaka yake Amissi, aliyeandika maneno haya, hana ruhusa ya kulifunika.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1935 huko Kabonga, mtoto wa tatu wa Swedi, fundi wa mitumbwi aliyevuka kutoka Uvira, na Mariyamu, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Baba yao hakuangusha mti kabla ya kuzungumza na mwenye ardhi. Mama yao hakuuza ndagala waliolala bila kumwambia mnunuzi kwamba wamelala. Watoto wa nyumba ile hawakuhubiriwa uaminifu; waliuona kila asubuhi.

Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo Kabonga, kisha shule ya msingi miaka mitatu. Aliacha mwaka 1947 mama yake alipougua macho. Alijua kusoma na kuandika vizuri, na majirani wengi walioandikiwa barua na mkono wake wanalijua hilo.

Ijumaa tarehe 7 Septemba 1956 aliolewa na Mbaraka, mvuvi wa Rumonge. Mwaka huo huo alifungua kibanda cha chakula karibu na mwalo, mitumbwi inapofikia. Wavuvi walilalamika kwamba kwake mtu anasubiri sana, kwa kuwa mpishi bado anahoji kikapu. Lakini walirudi.

Siku ya Uhuru wa Burundi, Jumapili tarehe 1 Julai 1962, mtaa ulimpa kazi ya kupikia wageni. Mvuvi Idi akaleta vikapu vitatu vya watoto wa samaki wa mukeke, wadogo kama kidole, waliokokotwa ufukweni kwa wavu wa matundu madogo. Chausiku alivirudisha mbele ya wageni wote. Idi akawaambia watu kwamba Mama Asiya, kama alivyoitwa kwa jina la binti yake wa kwanza, anataka cheti cha kuzaliwa cha kila samaki. Chausiku akamjibu kwa utulivu, "Hawa hawajazaa bado. Mwaka ujao tutakula nini, hotuba?" Wakubwa wa siku ile walikula maharage na isombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kutiwa mawese, na waliomba kuongezewa.

Muhogo wake aliununua kwa Émérance, jirani aliyetoka Bugarama, Mkristo, mkulima hodari. Émérance alilima aina mbili: mtamu, unaochemshwa na kuliwa siku ile ile, na mchungu, usiolika mpaka ulowekwe siku kadhaa. Kwa macho mizizi yake ilifanana. Alipoleta kikapu alisema tu, "Huu iko ya leo," au, "Huu uloweke." Chausiku aliyaamini maneno hayo kama alivyoamini mkono wake.

Mwisho wa Aprili mwaka huu wa 1972 vita vilifika Rumonge, na ukingo wa ziwa ukabaki bila watu. Émérance alipita mlango wa nyuma akiwa na mtoto mgongoni, anakwenda kuvuka kuelekea Kigoma. Aliomba chumvi tu, akapewa. Tarehe 11 Mei Mbaraka aliitwa komini, kwenye ofisi ya serikali, kujibu maswali, na hakurudi. Chausiku alimbeba binti yake mdogo, Zena, wakajificha milimani wiki tatu. Binti mkubwa, Asiya, alikuwa Bujumbura kwa shangazi yake. Waliporudi walikuta kibanda hakina paa na kishamba chao kimechimbwa chote.

Mwezi wa Juni soko lilijaa chakula cha mashamba yaliyoachwa. Chausiku akauliza kama alivyozoea kuuliza: muhogo huu ni wa shamba la nani? Muuzaji, aliyemjua miaka kumi, alitazama huku na huku kwanza.

"Mama Asiya, hiyo swali ilikuwa ya zamani. Sasa ukiuliza shamba iko ya nani, unataja mutu. Unataka kumutaja nani?"

Aliondoka na kikapu kitupu. Nyuma yake mtu akasema, "Mumuache, atakula kanuni." Watu wakacheka. Baadhi ya waliocheka wamesimama hapa leo, na wanajua walichokula na cha nani.

Mitumbwi ilikuwa imekatazwa kuingia ziwani. Mama na mtoto waliishi kwa majani ya muhogo yaliyochipua kwenye visiki vyao. Amissi alituma maharage mara mbili, kisha njia ikafungwa. Mwezi wa Julai alimtumia barua ya kumsifu kwa uthabiti wake. Barua ilifika bila maharage.

Mwezi wa Agosti miguu ya Zena ilivimba na nywele zake zikawa nyekundu. Chausiku naye alikuwa na homa. Dispansari walimpa yeye kinini, dawa chungu ya malaria, na kuhusu Zena walimwambia mtoto hana ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa, ale. Walipokuwa njiani kurudi, Zena alimwambia, "Mama, Émérance akirudi tutamwambia tulikuwa na njaa. Hatakasirika."

Alhamisi tarehe 24 Agosti, asubuhi kweupe ili kila mtu amwone, Chausiku aliingia shamba la Émérance na jembe. Alichimba mizizi mitatu kwenye mstari wa langoni, ambako muhogo mtamu ulikuwa miaka yote. Aliumenya akauonja, lakini alikuwa amemeza kinini siku tano, na kinywani mwake hata maji yalikuwa machungu. Alijua ulimi wake hauwezi kuamua. Akatoka njiani amtafute mtu wa kumuuliza. Alimkuta mtu wa komini amesimama pale, na mbele yake hakuthubutu kutaja jina la Émérance aliyekimbia. Alirudi ndani. Zena alikuwa amekwisha kukaa mekoni.

Aliuchemsha. Alingoja mtoto ashibe kwanza. Zena alimaliza sahani yote akasema, "Murakoze, mama," yaani asante. Alasiri alianza kutapika, kisha miguu ikakataa kusimama. Alikufa kabla ya magharibi. Mama yake alikuwa hajagusa chakula.

Mwezi wa Oktoba Idi alifanikiwa kuvuka hadi Kigoma na kurudi. Alimkuta Émérance hai, na alikuwa na ujumbe: Chausiku ale shambani bila kuogopa, ila aangalie, maana mwaka jana Émérance alibadilisha mistari, na ule mtamu sasa uko nyuma karibu na migomba.

Baada ya hapo marehemu alikula kidogo, kisha hakula. Amissi alimchukua akampeleka Kabonga. Alipojaribu kumfariji kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, alimkatiza: "Kaka, usiniwekee Mungu mbele nikajifiche nyuma yake. Sema nilipika." Alifariki Jumatatu tarehe 13 Novemba 1972, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na saba.

Ameacha binti mmoja, Asiya, mwenye miaka kumi na mitano. Kaka yake, Amissi. Na mume wake, Mbaraka, ambaye hatujamwandika marehemu kwa sababu hakuna aliyetuambia. Mwenyezi Mungu amrehemu Chausiku na ampe mapumziko ambayo mwaka huu haukumpa.

Kuishika kanuni yake kulimwacha Zena na njaa kwa wiki kumi, na kuivunja mara moja kulimuua. Zena binti Mbaraka alikuwa na miaka minne na miezi miwili.