Chakula cha Ng'ambo Hakihesabiwi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa lori bovu uliolazwa juu ya madebe mawili ya grisi, hatua hamsini kutoka kizuizi cha forodha cha Busia, upande wa Kenya. Ulikuwa mwaka wa pili tangu kila nchi ianze kutumia shilingi yake, na malori yalingojea karatasi mpaka matairi yakaanza kuota nyasi. Auma alikuwa akimimina kahawa ya tangawizi. Kariuki, dereva wa lori waliyemwita Dizeli, alilalamika kwamba kahawa ni moto. Protus, anayevusha watu mpakani kwa baiskeli na kwa hiyo akaitwa Spoku, alilalamika kwamba ni kidogo. Pembeni alikaa kijana mmoja mgeni, kikombe mkononi, hajasema neno. Ndipo akafika Mukhwana, wakala wa forodha, mwili wake kama kabati la maharusi, akihema. Aliketi upande mmoja wa ubao, na Dizeli, upande wa pili, akapanda juu bila kutaka.

— Umetoka kupimwa? Auma akauliza. Umepungua ngapi?

— Nimeongeza, Mukhwana akasema. Ratili tisa.

— Ratili tisa! Na mwezi mzima unakula majani kama mbuzi!

— Nyumbani, Mukhwana akamsahihisha. Nyumbani Wilkister ananipatia vile daktari wa misheni aliandika. Ugali kama ngumi. Mboga nusu sahani. Samaki ya kuchemsha, sukari hakuna. Mke wangu ni shahidi, sijavunja hata siku moja.

— Na saa sita mimi nakupeleka wapi na hii baiskeli? Spoku akauliza.

— Ng'ambo, kwa hoteli ya Akurut. Matoke, nyama, mchuzi wa njugu. Lakini hiyo ni Uganda.

Alisema hivyo kama mtu aliyemaliza kueleza. Walipoendelea kumkodolea macho, akaweka kikombe chini.

— Sikieni. Mimi niko kazi hii miaka kumi na moja. Mzigo wa transiti, ule wa kupita tu kwenda nchi nyingine, hata ukipita hapa mchana kweupe, Kenya haiuhesabu. Daktari alinikataza chakula tukiwa Kenya. Mimi nakula Uganda, narudi mikono mitupu. Iko kosa gani?

Hesabu hiyo aliipata wiki ya kwanza, njaa ikiwa imemkaba, na tangu hapo aliiamini jinsi alivyoamini muhuri wa serikali. Lakini asubuhi hii daktari alikuwa ameweka kalamu mezani.

— Ameniambia moyo wangu unabeba watu wawili, Mukhwana akasema, sauti imeshuka. Ameniambia nikiendelea hivi, Phoebe wangu atamaliza shule mimi sipo. Na Phoebe yuko darasa la tatu.

Benchi lile halikuzoea kunyamaza, na Spoku ndiye aliyeliokoa.

— Shida ni wewe unaingia ndani sana, boss. Kula pale katikati, kati ya vizuizi viwili. Pale si Kenya, si Uganda. Ng'ombe alifia pale mwaka jana, mpaka leo kila serikali inasema ni wa mwenzake.

— Wacha ng'ombe, Dizeli akadakia. Ni mwendo. Mimi kutoka Mombasa nakula nikiendesha. Chakula inafika kwa tumbo ikiwa na maili arobaini kwa saa. Itakaa wapi? Inapitiliza!

— Na hiyo kitambi yako? Auma akamuuliza.

— Hii ni ya kungojea karatasi Busia.

— Nyinyi wanaume hamjui kitu, Auma akasema. Chakula kinajua mwenye sahani. Ukila sahani ya mwenzio, anayenona ni yeye. Dada yangu kule Butula amekula sahani ya bwanake miaka ishirini, na yeye mwembamba kama mwiko. Bwanake sasa anaingia nyumba kwa ubavu.

Mukhwana, ambaye kwa kazi yake alizoea kuunganisha karatasi tatu zisizopatana mpaka zikubalike, alitoa penseli sikioni. Baada ya vikombe viwili mpango ukawa umekamilika: saa sita kamili, Spoku atakanyaga baiskeli kwa nguvu zote kati ya vizuizi viwili, Mukhwana akiwa kwenye keria, akila kutoka sahani ya Dizeli, na Dizeli akikimbia kandokando ameishika.

— Ngoja, Dizeli akasema. Kwa nini mimi ndio ninone?

— Wewe utakuwa unakimbia, Auma akamtuliza. Itaisha.

— Na mchuzi ukimwagika?

— Unamwagikia nchi isiyo na mwenyewe. Nani atakushtaki?

Hapo yule kijana akakohoa.

— Samahani, wazee. Mimi naitwa Egwang. Nimeanza kazi kwa forodha ya upande ule wiki jana, bado najifunza. Mzigo wa transiti si lazima utoke mpaka wa pili?

— Lazima! Mukhwana akasema, akifurahi kumfundisha mgeni. Bila kutoka si transiti.

— Sasa hizi ratili tisa, mzee, zimetoka nje kwa mpaka gani?

Dizeli akatazama tairi la lori lake kama analiona mara ya kwanza. Spoku akazungusha pedali, ikalia kwii, akaishika. Auma akaangalia ndani ya birika.

Mukhwana peke yake alijua jibu, maana alikuwa ameliandika kwenye fomu zaidi ya elfu: mzigo ulioingia na haukutoka, huhesabiwa umebaki nchini. Aliirudisha penseli sikioni. Akalitazama tumbo lake.

Harufu ya njugu ikaanza kuvuka mpaka. Spoku akaifuta keria kwa kiganja.

— Boss, tunaenda?

— Naenda nyumbani.

— Panda basi nikupeleke.

— Nitatembea.

— Mpaka Mundika? Na hii jua?

Mukhwana alikuwa ameshashika njia, koti begani. Alipofika kona ya kwanza alisimama, akainama, akashika magoti. Kwenye benchi, wote wanne wakasimama. Akapumua. Akaendelea. Ndipo Auma akaketi, na hakuna aliyekumbuka kudai kahawa nyingine.