Ndoana ya Mkiani

Bajaji ilikuwa haijatoka Chumbageni vizuri, na Mwamvua, mchuuzi wa samaki, akashindwa kunyamaza. Abiria mwenzake, kijana mgeni kwake, alikuwa akifunga ndoana kwenye mkia wa chambo bandia cha madini ya risasi kinachong'aa kama dagaa. "Ifunge kichwani, mwanangu," alimwambia. "Samaki kolekole huwahi kichwa cha chambo. Ya mkiani itanasa mwamba."

"Aliyeniuzia kasema mkiani, mama."

"Yeye anavua?"

"Anauza duka."

Mwamvua akatazama nje, roho yake kwatu. "Mimi nauza samaki sokoni," akasema baada ya kona mbili. Raskazone bajaji iliposimama, kijana akashuka, ndoana palepale mkiani. "Jioni nitapita sokoni kwako, nikuoneshe nilichopata."

"Pita, baba. Kolekole wako wa kununua nitakuwekea."