Mstari wa Katikati ya Kidonge

Benchi langu lina miguu mitatu ya mbao, wa nne ni tofali, na kila asubuhi linabeba watu wawili wasiojua kunyamaza: Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote, na Redio, ambaye hana kitufe cha kuzimia. Mimi nawauzia kahawa, kwa hiyo nawasikiliza nipende nisipende. Leo katikati yao alikaa Fundi, seremala wa ng'ambo ya barabara, kikombe mkono mmoja, mwingine ukipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Fundi ana kifafa. Jumatatu aliacha vidonge vyake, na leo alitutangazia kama mtu anayetangaza posa.

— Vinanilaza, alisema. Mchana mikono mizito, macho mazito. Ubao mmoja napima mara mbili, napata vipimo viwili. Na vitanda vya bweni vinasubiriwa.

— Hujaanguka tangu lini? akauliza Kocha.

— Tangu nianze vidonge.

— Basi umepona! Unameza vya nini tena?

Nikalitua birika kwa kishindo.

— Kocha, hajaanguka kwa sababu alikuwa anavimeza.

— Mama Kahawa, wewe mimina. Mimi vya presha niliviacha zamani, unaniona nimekufa?

— Juzi ulikuwa unatembea umeshika ukuta.

— Lile lilikuwa jua.

— Ilikuwa alfajiri!

— Jua la alfajiri ndilo baya.

Redio akapiga mafunda mawili ya kahawa.

— Tatizo ni kwamba Fundi alikuwa anavimeza vizima, alisema. Fundi, umeuona ule mstari katikati ya kidonge?

— Nimeuona.

— Unadhani ni urembo? Wenye kiwanda wameweka mpaka. Upande mmoja dawa, upande wa pili usingizi. Unakata, unatupa usingizi.

— Na usingizi uko upande upi? akauliza Fundi, na naapa alikuwa anauliza kwa dhati.

— Wa kushoto.

— Kidonge ni duara, Redio! nikasema. Kina kushoto gani?

— Inategemea umekaa wapi.

Kocha akaona anapitwa.

— Mimi nyumbani nina vya mke wangu, vya magoti. Vyeupe vilevile, ukubwa uleule. Havilazi mtu hata kidogo, yeye usiku kucha anagomba. Nikuletee?

Fundi akacheka, lakini nilimwona anafikiria. Hapo ndipo hasira zikanipanda kweli. Mtu mzima, fundi wa kutegemewa, anawakabidhi hawa kichwa chake! Na ng'ambo ya barabara msumeno wake wa umeme ulikuwa unanguruma bila mtu, ameuacha hivyo ili asipoteze muda akirudi.

Ndipo akaja mkewe, mbiombio, ngumi imefumbwa.

— Shemeji, karibu kahawa, alisema Redio.

Hakukaa. Akafumbua kiganja, tukaona paketi ya vidonge.

— Nimevikuta ndani ya viatu vyake vya harusi. Mume wangu, nesi alikwambia nini mbele yangu? Usiache ghafla, kifafa kitarudi kwa nguvu. Kama vinakulaza njoo useme, daktari atapunguza au atabadilisha, polepole. Ulikwenda kusema?

— Nilitaka kwanza nimalize vitanda.

— Na hawa walisemaje?

— Tulikuwa tunashauriana tu, shemeji, alisema Redio.

— Vizuri. Basi nawauliza washauri. Ile mashine inanguruma pale. Akianguka juu yake, inazimiwa wapi?

Redio akageuka kumtazama Kocha. Kocha akanyoosha kidole kuelekea karakana. Kidole kikatafuta mlangoni, kikatafuta ukutani, kikarudi mfukoni. Mimi mwenyewe, miaka yote nimeitazama karakana ile, na sijui.

— Anajua yeye peke yake, alisema mke. Akishaanguka, ndiye tutamwita aje aizime?

Fundi akatua kikombe. Akavuka barabara, akaingia karakana, mngurumo ukakatika, na mtaa mzima ukasikika upya. Aliporudi alikuwa amevua aproni.

— Twende kliniki, alimwambia mkewe. Au nikimeze cha leo kwanza?

— Hilo nalo utawauliza haohao wa kliniki.

Wakaondoka, mke amemshika mkono kama vile barabara nzima ni msumeno.

— Shemeji mkali, alisema Kocha.

— Lakini amwambie daktari kuhusu ule mstari, alisema Redio, akininyooshea kikombe niongeze.

Nikakichukua kikombe. Nikachukua na cha Kocha.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

Birika lilikuwa limejaa.