Kimya cha Nyuma ya Ukuta

Benchi letu liko Kaloleni, limeegemea ukuta wa uwanja wa mpira kwa nje. Ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya magogo, na mwisho wake ndipo lilipo jiko la Omari, Mrangi wa Kondoa tunayemwita Buni, anayeuza kahawa na kashata hapo tangu enzi za foleni. Siku zile sukari ya kashata alikuwa akiipata wapi sijawahi kumwuliza, na sasa haina maana tena kwa kuwa sukari iko kila duka. Wenye benchi tuko wanne. Buni mwenyewe. Dismasi kinyozi, anayeitwa Refa kwa sababu kila ubishi huingia ili auamue na kila mara huuongeza. Ndesanjo, Mmachame anayefungua marobota ya mitumba pale sokoni, basi tukamwita Robota. Na mimi, fundi redio wa kibanda cha jirani, ambaye jina langu ni Fyuzi, si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu naungua upesi. Alhamisi hiyo ya Julai, mwaka wa tisini na tatu, ukungu ulikuwa umeumeza Mlima Meru wote, vikombe tunavishika kwa mikono miwili, na habari ilikuwa moja tu: mechi ya Jumamosi ya Blanketi.

Refa: Tatu bila. Wageni wakirudi kwao wataulizwa walikuwa wapi.

Robota: Wewe kila mwaka tatu bila.

Refa: Kwa sababu kila mwaka nasema kweli, mpira ndio unaodanganya.

Buni: Mimi wageni siwaogopi. Namwogopa yule tajiri.

Blanketi ni timu ya kiwanda cha mablanketi, na kiwanda kimeuzwa. Mnunuzi aliwaambia wafanyakazi mkutanoni kwamba Jumamosi atakaa jukwaa kuu aone kwa macho yake. Akiona timu ina watu, ataiendeleza. Akiona viti vitupu, Jumatatu inavunjwa, na kiwanja cha mazoezi kinajengwa ghala.

Refa: Watu watajaa. Toka Sekei mpaka Kimandolu, nani si Blanketi?

Buni: Walikuwa.

Refa: Wapo. Hebu tupange timu. Golini Stanley Ukuta.

Robota: Meku, mzee mwenzangu, Stanley sasa ni mzee wa kanisa Usa River. Juzi nimemsikia akisoma matangazo ya ndoa.

Refa: Anaweza kuombwa. Winga wa kushoto Abdiel.

Buni: Abdiel ana duka la vipuri Moshi. Tumbo linaingia dukani kwanza, yeye anafuata.

Refa: Mguu hausahau. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mimi: Huyo si mwenda pole, Refa. Huyo hawezi kuinama afunge viatu.

Nilisema hivyo kwa ubishi tu, lakini moyo ulinienda kwa Abdiel yule wa zamani. Viatu vyake vilikuwa vya kiwanda, njumu zimepigiliwa na fundi wa barabarani, na akishika mpira pembeni ya uwanja kelele ilikuwa inasikika mjini kote. King'ora cha kiwanda kikilia saa nane Jumamosi, wafanyakazi walikuja kwa mguu moja kwa moja na ovaroli zao. Kila mmoja alibeba kipande cha blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, yale yaliyokosewa kufumwa ambayo kiwanda kilikuwa kinawagawia. Nasi walitugawia, tukawa tunayakalia, na goli likiingia tunayarusha juu yote kwa pamoja. Kwa muda kidogo hukuona mbingu. Nikikumbuka mpaka leo nasisimka, na sioni haya kusema hivyo.

Buni: Unakumbuka yale mablanketi, Fyuzi?

Mimi: Langu ninalo. Nafunikia redio za watu.

Refa: Aliyeyaua mablanketi yale yuko hapa anakunywa kahawa. Robota, umejaza mji blanketi za Ulaya, nani atanunua la kiwanda?

Robota: Baridi ikikupiga, unauliza blanketi lilizaliwa wapi? Mimi mwenyewe nikifungua robota nikakuta blanketi jepesi, laini, najisikia vibaya. Lakini nauza. Nina watoto.

Refa alichukua kashata, akailamba kwanza.

Buni: Mimi nauliza jambo moja. Siku hizi mechi zinachezwa na hatusikii kitu. Kwa nini?

Lazima niwaeleze wasiotujua. Sisi mechi tunaiangalia kwa masikio. Miaka saba sasa tunakaa hapo benchini, ukuta nyuma yetu, na tunaujua mchezo kwa sauti ya watu. Mguno mfupi ni kona. Mguno mrefu ni mtu kakosa goli. Kelele inayopanda na kukaa juu ni goli letu, na kimya cha ghafla ni goli lao. Nasi hatukai kimya, Refa husimama juu ya benchi akaita, "Kipa, usilale! Tuko nyuma yako!" utadhani anamwona. Lakini msimu huo mzima ukuta ulikuwa kimya toka filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Refa: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu wanatazama mpira mzuri mpaka wanasahau kupumua.

Buni: Dakika tisini?

Refa: Mpira mzuri sana.

Robota: Si hivyo. Ni upepo. Upepo wa Meru umegeuka tangu wakate ile miti ya juu. Sauti yote inapelekwa Njiro. Shemeji yangu anakaa Njiro, ananiambia kila Jumamosi anasikia kelele.

Buni: Shemeji yako amepanga nyuma ya baa.

Robota: Na kabla ya baa alikuwa anasikia.

Refa: Ngojeni niwaambie, ila lisitoke hapa. Timu ngeni zimefukia kitu golini. Kinafunga midomo. Watu wamejaa pomoni, wanapiga kelele mishipa inawatoka, lakini sauti haitoki.

Robota: Ndiyo maana wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Buni: Hiyo inahusu nini hapa?

Robota: Inahusu.

Refa: Na dawa ikiwa kali, hata watu wenyewe hawaonekani. Wamejaa, ila hawaonekani.

Mimi: Sasa yule tajiri Jumamosi atawaonaje?

Buni aliinua birika akatuongezea bila kuombwa, na akisha kufanya hivyo ujue ana neno.

Buni: Kwa nini tusiingie?

Robota: Wapi?

Buni: Uwanjani. Jumamosi. Sisi wanne.

Refa: Omari, unataka kuiua timu kwa mikono yako? Umesahau themanini na sita? Tuliingia wote wanne, tukafungwa nne, moja kila mtu. Mechi iliyofuata mvua ikatuzuia hapa, tukashinda tatu bila. Sisi ni mkosi, bwana. Fyuzi mwenyewe ndiye aliyeligundua.

Kweli, neno la mkosi nililitoa mimi. Lakini sikugundua chochote. Siku ile nilikuwa na hasira, nikatafuta la kusema, nikasema, "Ni sisi, tusiingie tena." Mvua ikanisaidia, na wenzangu wakalishika kama amri ya kumi na moja. Nami nikaliacha, kwa sababu ilikuwa raha kuamini kwamba kukaa kwetu na kahawa ndiko kunakoshindisha timu.

Refa: Kukaa nje ndio mchango wetu. Msimu uliopita mpira uliruka ukuta ukaangukia pale kwenye mtaro. Akaja kijana mmoja mrefu, mwokota mipira, kaniamkia vizuri. Kavaa glovu, maskini, ile baridi. Nikampa mpira nikamwambia, mwambie Stanley asizubae golini. Akacheka, akasema, "Nitamwambia, mzee." Basi siku ile hatukufungwa. Mnaona?

Robota: Mwokota mipira mwenye adabu hivyo siku hizi humpati.

Tulikuwa hapo kwenye adabu za vijana ndipo mama mmoja alipokata kona ya ukuta. Alikuwa wa umri wetu, sweta la buluu, kitenge kimefungwa juu ya gauni, kikapu mkononi na udongo wa shambani bado kwenye viatu. Alitutazama mmoja mmoja, akahesabu kwa macho, halafu uso ukamfunguka.

Mama: Hamjambo, wababa. Wanne, na birika. Ndio nyie.

Buni: Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

Mama: Asante, baba. Natoka Maji ya Chai. Nimeleta ndizi za mwanangu, nikasema nipite niwaone, ili Jumamosi nisipotee. Mimi mpira sijawahi kuutazama maisha yangu.

Refa: Mwanao ni mchezaji?

Mama: Mimi ni mama yake Anande.

Alilisema jina lile kwa namna ya mtu anayejua kwamba sasa ametambulishwa. Mimi nilimtazama Robota, Robota akamtazama Buni. Refa akakohoa.

Refa: Anande. Eeh. Anande yule wa...

Mama: Wa golini.

Refa alikiweka kikombe chini. Hakukiweka vizuri, kahawa ikamwagika kwenye ubao na hakuna aliyeipangusa.

Mama: Anawasema sana. Kuna mzee alimpa mpira akamtania, eti amwambie Stanley asizubae. Alicheka nyumbani mpaka akasahau chakula. Aliniambia, mama, glovu hizi zimetoboka, lakini nikizivaa najiona Stanley.

Buni: Atacheza Jumamosi?

Mama: Atacheza. Ila ameshafunga begi. Wakiivunja timu, Jumatatu anakwenda Mererani kuchimba na wenzake. Mdogo wangu alishuka shimo la Mererani, hatukupata hata cha kuzika. Sasa mimi nafanyaje, ni mtu mzima, siwezi kumshika shati. Nikasema Jumamosi nije nikae, angalau watazamaji wawe wamezidi mmoja.

Robota: Kwani huwa wangapi, mama?

Mama: Kule ndani? Anande anasema huwa hakuna mtu, baba. Walinzi, na mbuzi wa jirani wa mlango wa chini. Anasema akiwa golini hasikii kitu, ila nyie. Kuna mmoja anaita, kipa usilale, tuko nyuma yako. Anasema hiyo ndiyo inayomweka.

Refa alivua kofia, akaipapasa, akaivaa tena. Mimi nilijisikia aibu inayoanzia miguuni. Upepo haukugeuka. Hakuna aliyefukia kitu golini. Msimu mzima kijana wa watu alikuwa amesimama peke yake upande wa pili wa matofali haya, nasi tunampangia timu ya wazee wa kanisa.

Mama aliweka kikapu chini, akajifunga kitenge vizuri.

Mama: Alisema nikija niwatafute nyie, hao ndio wenye timu, watanionyesha pa kukaa. Sasa niambieni. Jumamosi mtakaa upande gani, nami nije nikae karibu yenu?

Robota alitazama viatu vyake. Refa aligeuka akautazama ukuta, kama vile swali limeandikwa pale. Mkosi ulikuwa katikati yetu, umekaa benchini na kikombe chake, na wote walikuwa wananisubiri mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuleta.

Buni aliinua birika, akalitikisa.

Buni: Kahawa imekwisha.

Haikuwa imekwisha, mvuke ulikuwa unatoka. Lakini alianza kuchomoa mkaa jikoni, mmoja mmoja, na kuuzima kwenye majivu, saa nne asubuhi, wakati ambao hajawahi kufunga.

Niliinuka nikaingia kibandani kwangu. Blanketi la kijivu lilikuwa juu ya redio za watu, mstari mwekundu umefifia, na nilipolivuta lilitoa vumbi la miaka saba likanikaba. Nililikung'uta mlangoni, nikalikunja la kukalia Jumamosi, nikatoka nalo. Yule mama alikuwa bado amesimama palepale, anangoja kuambiwa upande.