Wimbo wa Changawa

Tuktuk ya Mtongwe hubeba watatu nyuma. Wa tatu nilikuwa mimi, nikijifanya natazama barabara. Wale wawili ni walimu wa chekechea moja, na siku hiyo walikuwa wamewapa wazazi ripoti za kufunga muhula.

"Mimi darasani kwangu wote nimewaandikia 'Ana bidii, aongeze'," alisema Nyamvula, mkoba ameukumbatia kama mtu aliyewahi kuibiwa. "Wewe, Ticha Phoebe, waandika hadithi."

"Naandika ninachokiona, mwalimu."

"Haya. Na mwanangu Changawa, kwa vile shule hainiruhusu nimfundishe mwenyewe, wewe umeona nini kwake?"

Hakungoja jibu. Alitoa ripoti akaisoma kwa sauti, hata dereva akapunguza mwendo, jambo asilolifanya hata kwa matuta: "Changawa huimba kila anaponawa mikono. Akiona mwenzake analia, humwimbia."

Phoebe alitabasamu. Maskini, alidhani anasifiwa.

"Nyumbani haimbi," Nyamvula alisema. "Nimemzaa mimi, namlea mimi, na sijamsikia hata siku moja. Wewe wamsikia kila siku! Futa hayo. Andika ana bidii, aongeze."

"Nikifuta, ataacha kuimba?"

Tuktuk ikasimama penye feri. Nililipa, nikashuka. Phoebe naye akashuka. Nyamvula alibaki amekaa, ripoti mapajani.

"Basi niambie," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Huimba wimbo gani?"