Mama Povu Akausha Mikono

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mama Povu ataning'iniza aproni yake ya plastiki kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa bafu la mbwa, na Jumatatu hatarudi kuichukua. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika zahanati yetu ya wanyama.

Aliajiriwa kama mfagiaji. Siku moja mwosha mbwa wa wakati huo aling'atwa kidole, akatoka kwenda kula chakula cha mchana na asionekane tena. Mfagiaji akaambiwa ashike mpira wa maji mpaka apatikane mtu mwingine. Huyo mtu mwingine bado anatafutwa.

Jina la Mama Povu alilipata kwa imani yake katika sabuni. Aliosha kuta, ndoo na viatu vya watu ambao hawakumwomba. Aliwahi kuosha hata saa ya ukutani. Ilipogoma kutembea, alisema angalau imesimama ikiwa safi.

Wateja wetu wa zamani wanamkumbuka zaidi kwa ajili ya Bosi, mbwa mzee wa kahawia, mali ya mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe akahamia kwa binti yake. Baridi ilipoanza, Bosi naye akaanza kujikuna. Mba nyeupe zilimjaa mgongoni, na usiku mguu wake uligonga sakafu hadi nyumba nzima ikakosa usingizi. Binti alivumilia, kisha akamwambia baba yake kwamba baridi ikiisha na hali ikiwa hiyohiyo, mbwa atafutiwe pa kwenda. Mwalimu hakubisha, maana nyumba haikuwa yake. Alimfunga Bosi kamba akamleta kwetu.

Mama Povu akamwosha. Bosi alipozidi kujikuna, naye alizidi kumwosha, kwa hoja kwamba dawa ya moto ni moto: maji ya moto, sabuni kali, mara mbili kwa wiki. Mwishowe daktari wetu akampima mbwa. Hakukuta viroboto, wala utitiri, wala fangasi. Akauliza anaogeshwa mara ngapi, na Mama Povu akamjibu kwa fahari. Daktari akaeleza kwamba hewa ya baridi ni kavu, hita ya ndani huikausha zaidi, na sabuni huondoa mafuta machache ya ngozi yaliyosalia. Kwa sehemu kubwa, Bosi alikuwa anaumwa usafi.

Mama Povu alishika tama mpaka saa ya kufunga. Kesho yake alikwenda mwenyewe nyumbani kwa binti, akasema kosa ni lake wala si la mbwa, akaomba wavumilie mpaka baridi iishe. Alisogeza godoro la Bosi mbali na hita na kuweka bakuli la maji chumbani ili hewa ipate unyevu. Kuoga kukawa mara moja kwa mwezi, kwa maji vuguvugu yaliyochanganywa na oti zilizosagwa laini, kisha kusuuzwa vizuri na kukaushwa kwa taulo bila kusugua. Daktari alipima mafuta ya samaki ya kutia kwenye chakula. Mwalimu akapewa brashi na kazi ya kila siku.

Hata kabla baridi haijaisha, nyumba nzima ilikuwa inapata usingizi tena. Binti alikuja kutuomba brashi ya pili, kwa sababu ile ya kwanza baba yake hakutaka kuiachia. Bosi aliishi miaka mingine minne. Tangu hapo Mama Povu amekuwa mwosha mbwa anayefukuza wateja: mbwa anayejikuna haingii bafuni kwake kabla ya kuonana na daktari.

Lakini kinyozi hajinyoi. Kila baridi vidole vyake mwenyewe vilipasuka, na daktari wake alimwambia yaleyale aliyoambiwa kuhusu Bosi: apunguze maji. Alikataa hata glavu, akisema mbwa mwoga hutulia akiguswa na mkono. Mwaka jana vidole vilikataa kufunga vifungo vya koti, na dada wa mapokezi akawa anamfungia kila jioni. Kilichomshinda ni mjukuu wake. Mtoto huyo hakubali kusukwa na mtu ila bibi, na bibi hakuweza tena kushika kitana. Ndiyo maana anatuacha sasa, kabla ya baridi, ingawa alikuwa na haki ya kubaki.

Mama Povu, asante kwa mikono hiyo. Tumekununulia kopo la mafuta ya ngozi, na daktari wetu ameagiza utunzwe kama Bosi: maji vuguvugu, usijisugue, kaa mbali na hita. Vyombo waoshe wengine. Ukapumzike vizuri na uishi kwa raha. Baridi ikiisha, mlete mjukuu tuone alivyosukwa.