Kabichi Kumi na Mbili za Bibi Ingia-Uone

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mkulima wa mboga. Ametutoka Jumatatu, akiwa na miaka sabini na tisa. Wengi wenu hamkulijua jina lake. Mlimwita Bibi Ingia-Uone.

Bustani yake iko nyuma ya karakana ya magari. Ukimuuliza kama mboga zake zimepigwa dawa, alikufungulia geti. "Ingia uone." Ukaingia, ukageuza majani, ukachagua mwenyewe. Kabichi isiyo na tundu hata moja aliitilia shaka kama mgeni asiyetaja atokako.

Sasa sikilizeni yaliyomkuta. Miaka kumi na minne iliyopita alilazwa siku tisa kwa upasuaji wa jicho. Bustani alimwachia binti yake. Wadudu vidukari wakavamia kabichi. Binti akaazima bomba, akapiga dawa matuta matatu. Dawa ile husubiriwa wiki mbili kabla ya kuvuna. Yeye alisubiri siku mbili, akauza kabichi kumi na mbili.

"Nilidhani namsaidia mama," binti aliniambia jana, na sauti yake bado ilikuwa na haya.

Wiki hiyohiyo akaja ofisa wa kampuni inayothibitisha mazao ya kilimo hai kwa ajili ya supamaketi. Akakaa mezani, akajaza fomu, akanywa chai, akaondoka. Bustanini hakukanyaga. Akaacha boksi la stika za kijani za kubandikwa kwenye mboga zisizo na dawa.

Bibi alirudi na bandeji jichoni. Jicho moja lilimtosha. Aliinama tutani, hakuona kiwavi wala nyuki, akajua dawa imepita. Akamgeukia binti, akauliza jambo moja tu: "Umewauzia kina nani?"

Hapa, wasikilizaji, hesabuni nami. Kabichi kumi na mbili, nyumba kumi na mbili, na mama yule alizijua zote. Hiyo stika ya kijani inamjua nani? Akamshika binti mkono, wakaanza kupiga hodi mlango kwa mlango.

"Nyumba ya kwanza nililia," anasema binti. "Mama akaniambia, 'Futa machozi, bado kumi na moja.'"

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu. Alikuwa amemlisha kabichi ile mwanawe wa miezi kumi.

"Mama, mimi nilikuamini," mwalimu akasema.

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu."

Wakampeleka mtoto zahanati pamoja. Bibi alikaa kwenye benchi mpaka daktari akasema mtoto ni mzima. Mwalimu akambeba mwanawe, akaondoka bila kuaga.

Bibi akang'oa matuta yote matatu. Boksi la stika akalirudisha kwa ofisa na kumweleza yote. Ofisa akamsihi, "Bibi, nani atajua?"

"Wewe umeshajua, mimi nimeshajua. Tumeshakuwa wengi."

Mficha uchi hazai, lakini na asemaye ukweli hulipa. Wanunuzi walikatika. Wiki sita geti lilikuwa wazi na hakuna aliyeingia. Bibi alipalilia tu, kila asubuhi, na binti anasema huo ndio wakati pekee alipomwona mama yake akiogopa.

Wiki ya saba akaingia mtu. Ni yule mwalimu, mtoto mgongoni. Akapita tuta kwa tuta, akageuza jani moja baada ya jingine, kama anayesahihisha mitihani. Kisha akachuma kabichi mbili.

"Mbili za nini?" Bibi akauliza.

"Moja ya jirani. Nimemwambia mimi ndiye mdhamini wako."

Bibi Ingia-Uone akaketi palepale udongoni, akalia.

Kwako binti, kwa wajukuu na majirani wa karakana, pokeeni pole zetu. Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki, leo tukiketi kula, tuitazame mboga sahanini na tujiulize: aliyeilima, ikiwa na sumu, atajua nyumba yetu iko wapi?